Nilijitafuta ndani ya rekodi milioni 200: mapitio ya hazina ya data ya Stanford kuhusu polisi na madereva

Niseme mapema kwamba sikufika kwenye hazina hii kwa kiu ya elimu. Nilifika kwa hasira.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, pembezoni mwa Philadelphia. Zamu huanza saa mbili usiku, na kabla sijafika napita vimji vinne, kila kimoja na polisi wake. Usiku mmoja wa Novemba, katika kimoja cha vimji hivyo ambacho sitakitaja, taa nyekundu na za buluu zikanijaa kwenye kioo. Nikasogea pembeni, nikazima injini, nikashusha dirisha, nikaweka mikono juu ya usukani kama tunavyofundishana. Tochi ilitangulia, sauti ikafuata: leseni, kadi ya gari, bima, mikono niione. Sababu niliambiwa baada ya dakika kama kumi, aliporudi na karatasi ya onyo. Kosa lilikuwa tasbihi ya marehemu mama yangu, inayoning'inia kwenye kioo cha ndani. Eti inanizibia njia.

Sikupigwa, sikutukanwa, faini sikulipa. Labda ndiyo maana iliniganda rohoni, kwa sababu hapakuwa na kisa cha kusimulia. Kazini mwenzangu mmoja aliniambia, "Dada, wewe ulikosa, kitu kinaning'inia hakiruhusiwi." Mwingine akasema, "Usihangaike, ni rangi yako hiyo." Kila mmoja alikuwa na uhakika wake, na hakuna aliyekuwa na ushahidi zaidi ya yaliyompata yeye. Mpwa wangu, anayesomea takwimu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shangazi, mbona kuna watu wamehesabu?"

Ndivyo nilivyofunguliwa Stanford Open Policing Project.

Ni kazi ya watafiti wa uhandisi na wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, iliyowekwa wazi kwa umma mwaka 2017. Walichofanya kinachosha hata kukisikia. Waliandika maombi ya rekodi kwa polisi wa majimbo yote 50 ya Marekani, wakitumia sheria za haki ya kupata taarifa, kisha wakageukia polisi wa miji. Wapo waliotoa kila kitu. Wapo waliotoa nusunusu. Na wapo ambao hawakuwa na cha kutoa, kwa kuwa hawaandiki rangi ya mtu wanayemsimamisha, au hawaandiki kabisa. Kilichopatikana kikasafishwa, kikawekwa katika mpangilio mmoja, na sasa zimo rekodi zaidi ya milioni 200 za watu waliosimamishwa barabarani. Unapakua bure. Hakuna kujisajili, hakuna anayekuuliza wewe ni nani na unazitakia nini.

Hapo peke yake nawapa heshima yao. Nimeshaomba vyeti katika ofisi nyingi nchini humu, na hakuna hata moja iliyonipa kitu bila kutaka vitambulisho viwili.

Sasa matumizi yenyewe. Ukurasa wa data umepangwa kwa majimbo, na chini ya kila jimbo kuna miji. Kila mahali pana orodha ya visanduku vinavyoonyesha kilichomo: tarehe, saa, mahali, umri, jinsia, rangi, kama mtu alipekuliwa, kama alikutwa na kitu, kama alipewa onyo, faini au alikamatwa. Mahali penye pengo, kisanduku hakina alama. Huo ni uungwana, maana unajua tangu mlangoni kipi hakipo, huhitaji kubeba faili zima nyumbani ndipo ugundue. Kwa Philadelphia visanduku vingi vina alama. Sababu yake si hiari ya mtu. Mwaka 2010 wakazi waliishtaki manispaa kwa jinsi polisi walivyokuwa wakisimamisha na kupapasa watu weusi na Walatino mitaani, na mwaka 2011 yakafikiwa makubaliano mbele ya mahakama yaliyowalazimisha polisi kuandika na kukaguliwa. Linganisha na polisi wa jimbo zima la Pennsylvania, ambao waliacha kukusanya rangi za madereva mwaka 2012 wakaja kuanza tena 2021. Miaka yote hiyo ya katikati hakuna wa kumuuliza.

Nilipakua faili la Philadelphia, nikalifungua kwa Excel. Usicheke. Faili lina mistari zaidi ya milioni 1.7, na Excel hukomea mstari wa 1,048,576. Ilinitokea ilani, nikabofya "sawa" bila kuisoma, kama wote tufanyavyo, nikakaa jioni nzima nahesabu. Mpwa alipokuja kuangalia akaona zaidi ya theluthi ya faili imeachwa nje ya mlango. Yeye akatumia R, ambayo ni programu ya bure ya watu wa takwimu, akaandika mistari michache, na mahesabu yangu ya jioni nzima yakaisha kabla chai haijapoa. Wenye hazina wameweka somo la hatua kwa hatua, tena kwa data ya Philadelphia hiyohiyo. Ni somo zuri kwa aliyekwisha kugusa R. Kwa ambaye hajaigusa, ni sawa na kupewa funguo za lori siku ya kwanza ya udereva.

Kuna safu inayoitwa subject_race. Ndani yake majibu hayafiki kumi: mweupe, mweusi, Mhispania, Mwasia pamoja na watu wa visiwa vya Pasifiki, wengineo, haijulikani. Neno "mweusi" hapo linanibeba mimi niliyekuja juzi kwa ndege, na linambeba mzee ninayemhudumia, ambaye babu wa babu yake alizaliwa utumwani Virginia. Mwanzoni lilinikera. Kisha nikakumbuka kwamba sehemu nyingi anayejaza ni askari, kwa jinsi anavyokuona, na hakuulizi. Kwa kuwa ubaguzi, kama upo, unafanyika ndani ya jicho lake, basi ni haki kulirekodi jicho lake. Tatizo linakuja pale jicho linapojaza ovyo. Huko Texas, askari wa barabara kuu waligundulika wakiandika madereva wengi Wahispania kama weupe, na watafiti wa Stanford ikabidi wapange upya kwa kutazama majina ya ukoo. Unaweza kuwa na mamilioni ya mistari na bado msingi wake ukawa kalamu ya mtu mmoja aliyechoka, kando ya barabara, saa nane za usiku.

Jambo lililonifanya nisifunge kompyuta ni mtihani wanaouita pazia la giza.

Hoja ya kwanza ambayo kila mtu huileta ni hii: ukiona weusi wanasimamishwa kuliko idadi yao mjini, bado hujathibitisha kitu. Pengine wanaendesha zaidi, pengine njia zao zina doria zaidi, pengine wana magari mabovu zaidi. Ni hoja ya kweli, na mwenzangu wa kazini aliyesema nilikosa angeifurahia. Basi mwaka 2006 watafiti wawili, Jeffrey Grogger na Greg Ridgeway, wakitumia rekodi za mji wa Oakland, California, walifanya ujanja. Usiku askari haoni vizuri sura ya dereva kabla ya kumsimamisha. Kwa hiyo usilinganishe mchana na usiku, maana wanaoendesha saa sita mchana si wale wa saa sita usiku. Chukua saa ileile. Saa moja na robo jioni mwezi Juni hapa kwetu jua bado lipo. Saa moja na robo jioni mwezi Desemba giza limeshaingia zamani. Wanaotoka kazini ni walewale, barabara ni ileile, kilichobadilika ni mwanga tu. Kama sehemu ya weusi kati ya wanaosimamishwa inapungua giza linapoingia, basi kuna kitu mwanga ulikuwa unakifanya.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu najua kwa mwili. Wakati wa baridi, gari linalonifuata saa moja jioni linaona taa zangu mbili nyekundu tu. Wakati wa joto linaona kichwa changu na kitambaa changu. (Ndiyo, mimi nilisimamishwa usiku wa Novemba. Lakini ilikuwa chini ya taa ya barabarani, kwenye makutano, na yeye alikuwa ubavuni mwangu akisubiri taa ya kijani kama mimi. Wakosoaji wa mtihani huu wanazitaja taa hizohizo: kwenye mwanga wa umeme giza si giza, na ubaguzi unaweza kupita bila kuonekana kwenye hesabu.)

Mwaka 2020 kundi la Stanford lilichapisha matokeo katika jarida la Nature Human Behaviour. Walitumia rekodi karibu milioni 95, kutoka polisi 21 wa majimbo na 35 wa miji, za kuanzia 2011 hadi 2018. Sehemu ya weusi ilipungua baada ya giza kuingia. Na kwenye upekuzi, madereva weusi waliosimamishwa walipekuliwa zaidi ya mara mbili ya weupe.

Upekuzi nao una mtego wake, na hapa hazina inastahili sifa kwa kutouficha. Njia ya zamani ni kuangalia nani anakutwa na kitu. Ikiwa weusi wanaopekuliwa hukutwa na magendo mara chache kuliko weupe wanaopekuliwa, ina maana askari anawapekua kwa dalili hafifu zaidi. Inaingia akilini. Lakini mpwa wangu alinionyesha kwa karatasi jinsi inavyoweza kudanganya. Chukua askari mwenye haki kabisa, anayempekua yeyote ambaye uwezekano wake wa kuwa na kitu unazidi moja kwa kumi. Kundi la kwanza lina watu wa aina mbili: wasafi dhahiri, na wachache ambao watatu kati ya wanne wana kitu. Kundi la pili pia lina wasafi dhahiri, na wachache ambao nusu yao wana kitu. Askari atawapekua wale wachache wa pande zote mbili kwa kipimo kilekile, na bado viwango vya kukutwa vitatofautiana. Ukimwita mbaguzi umemwonea. Kwa ajili hiyo watafiti walitengeneza mtihani mwingine unaokisia kizingiti chenyewe cha shaka ambacho askari anakitumia kwa kila kundi. Walianza kuujaribu kwa rekodi milioni 4.5 za North Carolina. Huko, na baadaye kwa nchi, kizingiti cha kuwapekua weusi na Wahispania kilionekana kuwa cha chini kuliko cha weupe.

Colorado na Washington ni mfano ninaoupenda. Bangi ya starehe iliporuhusiwa kisheria huko mwishoni mwa 2012, upekuzi ulishuka sana kwa watu wote. Kisingizio cha kunusa harufu kilikuwa kimekufa. Pengo kati ya weusi na weupe halikuisha, dogo kwa kimo lakini lipo.

Malalamiko yangu sasa. La kwanza: data imezeeka. Sehemu kubwa inaishia karibu na 2018. Philadelphia ilipitisha sheria iliyoanza kutumika Machi 2022, ikiwa mji mkubwa wa kwanza Marekani kufanya hivyo, inayokataza polisi kusimamisha gari kwa makosa madogo tu, kama taa moja iliyoungua au kitu kinachoning'inia kwenye kioo. Kitu kinachoning'inia kwenye kioo! Ningetaka kuona mistari ya kabla na baada. Haimo. Na sheria hiyo inaishia mpakani mwa Philadelphia, wakati mimi nilisimamishwa maili chache ng'ambo ya mpaka. Tasbihi ileile kwenye mtaa mmoja haitoshi kukusimamisha, na kwenye mtaa wa pili inatosha.

La pili: vimji havimo. Marekani ina vyombo vya polisi vipatavyo 18,000, hazina ina makumi. Vile vinne ninavyovipita kila usiku, hakuna hata kimoja. Nilikuja kujitafuta sikujikuta.

La tatu ni kubwa zaidi, na si kosa lao. Hakuna maneno. Mstari unasema mwanamke mweusi, saa fulani, hakupekuliwa, onyo. Ni kweli tupu, na hauna chochote kati ya vilivyonikera.

Kwa hilo ilinibidi nihamie kwa jirani, palepale Stanford lakini kundi lingine, linaloongozwa na mwanasaikolojia Jennifer Eberhardt. Hawa hawakuomba faili kwa barua. Waliingia ndani, wakafanya kazi na polisi wa Oakland wenyewe. Tusidanganyane kwamba polisi walifungua mlango kwa mapenzi. Tangu 2003 polisi wa Oakland walikuwa chini ya makubaliano ya mahakama, baada ya watu 119 kushtaki kuhusu kikundi cha askari waliokuwa wakipiga watu na kuwabambikia madawa. Usimamizi huo ndio uliowaleta watafiti mezani. Lakini waliingia, na walichokikuta kilichapishwa 2016: katika visa 28,119 vya miezi 13, asilimia 60 walikuwa weusi, katika mji ambao weusi ni asilimia 28. Ukiwaondoa waliokamatwa, mwanaume mweusi mmoja kati ya wanne waliosimamishwa alifungwa pingu. Mweupe, mmoja kati ya 15.

Kisha wakaenda kwenye kamera za kifuani. Kwa miaka mingi video hizo zilikuwa za kesi tu, zinatolewa mtu akilalamika. Wao wakachukua mwezi mmoja, Aprili 2014, visa 981, askari 245, wakaandika kila kilichosemwa. Wasomaji wakapewa sentensi za askari bila kuambiwa dereva ni wa rangi gani, wapime heshima yake. Baadaye kompyuta ikafundishwa kufanya hivyohivyo kwa sentensi zaidi ya 36,000. Matokeo, ya 2017: dereva mweupe alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 57 wa kusikia sentensi za heshima ya juu, na mweusi kwa asilimia 61 wa kusikia zile za heshima ya chini. Na haikujali askari mwenyewe ni mweusi au mweupe.

Wazungumzaji wa Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa sana hapa. Sisi ni watu ambao mtoto akisema "wewe" mahali pa "shikamoo" hupigwa jicho na ukumbi mzima. Tunajua "samahani mama, naomba leseni yako" na "leta leseni" zinaomba kadi ileile. Kompyuta yao iliokota vitu hivyohivyo: kuomba radhi, kushukuru, kumwita mtu kwa cheo cha heshima, kumtakia safari njema, upande mmoja. Upande wa pili, kumwita mtu mzima kwa jina lake la kwanza, au kumwita kama mshikaji wa kijiweni, na amri ya mikono kwenye usukani. Sijawahi kuona sayansi inayofanana na bibi yangu kiasi hicho.

Mwaka 2023 walirudi na jambo lililonikalisha kitako. Walichukua visa 577 vya madereva weusi waliosimamishwa, wakasikiliza maneno 45 ya kwanza tu ya askari, kama nusu dakika. Katika visa vilivyokuja kuharibika, vilivyoishia kwenye pingu, upekuzi au kukamatwa, askari mara nyingi alikuwa ameanza kwa amri na hakutaja sababu. Mwelekeo ulishaonekana kabla dereva hajafanya chochote.

Nilirudi kichwani kwenye usiku ule. Leseni, kadi, bima, mikono niione. Amri nne, sababu hakuna. Changu hakikuharibika, na nadhani ni kwa sababu niliinamisha sauti kama ninavyoiinamisha mbele ya mgonjwa mkali. California sasa ina sheria, tangu Januari 1, 2024, inayomtaka askari aseme sababu ya kukusimamisha kabla hajaanza kuuliza maswali. Ni kitu kidogo mno. Ningepewa hicho, nisingeandika mapitio haya.

Sifa nyingine ya Oakland, ambayo kwangu inazishinda zile rekodi milioni 200, ni kisanduku. Kwenye fomu ambayo askari hujaza kila anaposimamisha mtu, waliongeza swali moja: je, unazo taarifa za awali zinazomhusisha mtu huyu hasa na kosa fulani? Ndiyo au hapana. Basi. Mwaka 2017 polisi wa Oakland walisimamisha watu kama 32,000. Mwaka uliofuata, swali likiwa kwenye fomu, kama 19,000, na kwa weusi peke yao idadi ilishuka kwa asilimia 43. Uhalifu uliendelea kupungua. Mpwa wangu hapa alinikatiza: "Shangazi, hakuna mji wa kulinganisha, huwezi kusema ni swali tu lililofanya." Sawa. Mji ulikuwa na mahakama shingoni na mabadiliko mengine yalikuwa yakiendelea. Nampa alama zake. Lakini weka kando yake New York, ambako askari wapatao 36,000 walipitishwa kwenye mafunzo ya siku moja kuhusu ubaguzi uliojificha akilini. Tathmini iliyotoka 2020 ilikuta askari wameelewa somo vizuri zaidi, huku mwenendo wao mitaani haukubadilika kwa namna inayopimika. Darasa zima la siku nzima, na kule kisanduku kimoja cha kuweka alama. Mimi ningechagua kisanduku.

Niwe mwadilifu kwa askari pia, maana wapo waliofanya kazi hii kwa moyo. Huko Denver, mwaka 2007, ulichapishwa utafiti wa mchezo wa kompyuta ambapo mtu anaamua kumpiga risasi aliye kwenye picha, ana bunduki au ana simu. Kati ya waandishi alikuwamo askari wa Denver mwenyewe, Tracie Keesee, aliyekuja kuanzisha Center for Policing Equity, shirika la kutafiti usawa katika kazi ya polisi, pamoja na mwanasaikolojia Phillip Atiba Goff. Askari walichelewa kuamua pale picha ilipopingana na dhana, mweusi mwenye simu au mweupe mwenye bunduki, kama raia walivyochelewa. Lakini katika uamuzi wenyewe wa kufyatua walikuwa na upendeleo mdogo kuliko raia. Ukitaka kujua kama utafiti wa pamoja ni wa kweli au ni wa kupakana mafuta, tafuta kama yamo ndani yake matokeo yanayokera kila upande. Humo yamo.

Hofu yangu kuhusu ushirika huu ni ile ya mgeni na mwenyeji. Aliyekukaribisha chakula ni vigumu kumwambia chumvi imezidi. Tena rekodi zenyewe, za ndani na za wazi, huanzia pale askari alipokwisha kukusimamisha. Wale aliowaangalia akawaacha wapite hawamo popote, na watafiti watatu, Knox, Lowe na Mummolo, walionyesha 2020 kwamba pengo hilo linaweza kuufanya ubaguzi uonekane mdogo kuliko ulivyo. Hata hivyo ninawapenda watu wa hazina ya wazi kwa jambo ambalo watu wa ndani hawawezi: kesho polisi wakikasirika, faili limeshapakuliwa.

Nani aitumie? Mwanahabari, mwanafunzi, mjumbe wa baraza la mji, wakili. Mtu kama mimi, akiwa na mpwa. Asiye na mpwa asome matokeo tu, yamechorwa vizuri. Hazina naipa nyota nne. Ya tano naizuia mpaka data isogee mbele ya 2018.

Baada ya yote hayo niliandika kwa kile kimji, kwa sheria ya Pennsylvania ya haki ya kujua, nikiomba idadi ya madereva waliosimamishwa mwaka ule kwa rangi zao. Ofisi ina siku tano za kazi za kujibu, na inaweza kujiongezea 30. Walijiongezea. Kisha wakajibu, kwa adabu, kwamba rekodi hiyo hawana, na sheria hailazimishi ofisi kutengeneza rekodi isiyokuwepo. Wamesema kweli, ndivyo ilivyo.

Nikaichomoa ile karatasi ya onyo kwenye droo ya gari, nikaipitia kama nilivyofundishwa na visanduku vya Stanford. Tarehe ipo. Saa ipo. Mahali papo. Rangi ya dereva, hakuna kisanduku. Rangi ya gari kipo, na kimejazwa kwa herufi nadhifu: kijivu.

Gari langu ni la buluu.